Mama Chelagat Anaondoa Uchungu

Tangazo kwa wananchi wote! Wake kwa waume, kutoka Mau Narok mpaka Lanet, simameni wima. Vueni kofia. Nyamazisheni watoto. Hapa inaanza hadithi kubwa ya maendeleo, hadithi ya akili na bidii, hadithi tukufu ya kibuyu.

Ndiyo, kibuyu. Basi kaeni chini, mvae kofia zenu.

Mwaka wa 1957 Chelagat alikaa katika shamba moja la ngano karibu na Njoro. Mume wake, Kiptanui, aliendesha trekta la shamba. Walikuwa na nyumba ya nyasi, watoto wanne, nyanya mmoja mwenye maoni mengi, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nyanya huyo alikuwa mama yake Kiptanui. Jina lake lilikuwa Jepkosgei, lakini kila mtu alimwita Kogo, maana hivyo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Ng'ombe aliitwa Samo kwa sababu ya madoa yake.

Mtoto wa kwanza alikuwa Sally, msichana wa miaka kumi na minne. Alisoma katika shule ya bweni ya misheni. Alikuwa mpole, mtiifu, na mwenye adabu nyingi sana. Lakini tusimsifu zaidi, maana hadithi si yake.

Kila asubuhi Chelagat alimkama Samo. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe. Kisha alichukua kibuyu kilichooshwa na kukauka. Alitia ndani kijiti cha mti wa senetwet kinachowaka, akakisaga humo kwa fimbo mpaka ukuta wa ndani ukawa mweusi na harufu nzuri ya moshi ikatoka. Alikung'uta majivu, akatia maziwa, akafunga kifuniko. Baada ya siku kadhaa maziwa yaliganda, yakawa mazito, yenye ladha ya moshi. Hayo ndiyo mursik. Mgeni akinywa bakuli moja, husahau alichokuja kudai.

"Hujasaga vizuri hapo chini," Kogo alisema kila siku.

"Ndiyo, Kogo," Chelagat alijibu kila siku.

Kogo alionja. "Lakini si mbaya," alisema. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo katika nyumba ile.

Mwezi wa saba Kiptanui alianguka kutoka kwenye tela la kuni. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Alilazwa hospitali Nakuru, akafungwa plasta nyeupe kutoka kisigino mpaka pajani. Mwenye shamba hakumfukuza. Lakini alisema atatoa posho tu, mpaka mguu upone. Na mguu, daktari alisema, hautapanda trekta kabla ya mwaka mpya.

Siku ya pili tu alikuja Kipketer, mchuuzi wa ng'ombe. Watu wa namna hii husikia mguu ukivunjika kutoka maili kumi. Alimzunguka Samo mara tatu, akampapasa mgongo.

"Ng'ombe mzuri," alisema. "Lakini pembe moja imeinama."

"Kwani unanunua pembe?" Kogo aliuliza.

"Kogo, mimi nataka kuwasaidia. Mwezi wa kwanza msichana wenu anaanza mwaka mpya wa shule. Karo itatoka wapi? Mtu wa plasta hawezi kulima."

Chelagat alipiga hesabu. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama njia ya reli. Wakimuuza Samo, Sally atasoma, lakini watoto wadogo watatu watakunywa chai ya rangi mpaka wasahau maziwa ni nini. Wakimweka Samo, Sally atakaa nyumbani. Na msichana akikaa nyumbani mwaka mmoja, watu huanza kuuliza mahari.

"Rudi baada ya Krismasi," Chelagat alimwambia Kipketer. "Ukikuta hatuna karo, utaondoka na ng'ombe."

"Nitakuja na kamba yangu," Kipketer alisema, akaenda zake akipiga mluzi.

Kila Alhamisi alasiri akina mama wa shamba walikusanyika katika stoo ya ngano. Mwalimu wao alikuwa Nekoye, mama wa makamo kutoka upande wa Mlima Elgon. Mume wake alikuwa karani wa reli Nakuru, na yeye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa maendeleo. Alikuja na basi mpaka Njoro, akatembea iliyobaki kwa miguu, mfuko wa nyuzi na vitabu kichwani. Aliwafundisha kusoma, na aliwafundisha kufuma sweta.

Kusoma, Chelagat alikwenda polepole. Kufuma, alikwenda vibaya. Sweta yake ya kwanza ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa nusu futi.

"Hii ni ya nani?" Mwalimu Nekoye aliuliza akiiinua.

"Ya mtu anayepanda mti mara nyingi," alisema mwanamke mmoja, na stoo nzima ikacheka.

Chelagat hakucheka. "Mwalimu, mimi nataka pesa ya karo. Lakini na sweta hii nitapata kesi."

Mwalimu Nekoye aliikunja sweta, akaiweka kando. "Basi tuache sweta. Wewe unafanya kazi gani?"

"Hakuna. Mimi nakaa tu."

"Unakaa tu. Leo umekaa namna gani?"

"Nimekama ng'ombe. Nimeteka maji. Nimepalilia viazi. Nimeziba nyumba kwa udongo pale mvua inapoingia. Nimetengeneza vibuyu viwili."

"Huko ndiko kukaa?" Mwalimu aliuliza, na wanawake wakacheka tena, lakini sasa walijicheka wenyewe, maana wote walikuwa wakikaa hivyo hivyo. "Katika hizo kazi, ni ipi watu wanakusifu?"

"Mursik yake!" wanawake watatu walisema pamoja.

"Basi auze mursik," Mwalimu Nekoye alisema. "Nakuru imejaa watu wenu. Polisi, reli, jeshi."

Wanawake walitazama nyuzi zao. Mwanamke mmoja alikohoa. Mwalimu aliona kwamba amekanyaga mahali, lakini hakujua ni wapi.

Jioni ile Chelagat alimweleza Kogo. Kogo aliweka bakuli chini.

"Kuuza nini?"

"Mursik, Kogo."

"Na watoto utawauza siku gani?"

"Kogo, mimi sijasema. Ni mwalimu."

"Mwalimu wako ni mtu mzuri, lakini kwao wanakula kuku. Maziwa ya kibuyu hupewa mgeni. Hupewa kijana akirudi nyumbani. Hayauzwi. Ukiyauza, chuchu za ng'ombe zinakauka. Mimi nimeyaona kwa macho yangu."

Alhamisi iliyofuata Chelagat alimpelekea Mwalimu jibu hilo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Samahani. Sikujua. Tena nimeuliza ofisini. Mjini hakuna ruhusa ya kuuza maziwa hivi hivi bila kibali, na kibali chake si rahisi."

"Basi serikali na Kogo wamekubaliana," Chelagat alisema.

"Mara ya kwanza?"

"Na ya mwisho."

Jambo likafa hapo, au lilionekana hivyo.

Katikati ya mwezi wa nane Chelagat alikwenda Nakuru kumtoa Kiptanui hospitalini. Lori la shamba lilikuwa halirudi mpaka kesho yake, kwa hiyo walilala Lanet, kwa dada yake Chelagat aitwaye Cheptoo. Mume wa Cheptoo alikuwa askari wa jeshi. Nyumba yao ilikuwa safi, ya mabati, yenye dirisha la kioo. Na ukutani kilining'inia kibuyu kizuri chenye shanga, zawadi ya arusi. Chelagat alichungulia ndani. Mlikuwa na vitunguu.

"Cheptoo! Mama akiona hii!"

"Nifanye nini, dada? Maziwa tunapata. Lakini hapa hakuna senetwet. Nilijaribu makaa ya sokoni, mursik ikanuka kama soksi. Mume wangu alikunywa mara moja tu, akaniuliza amenikosea nini."

Chelagat alitoa vitunguu. Ndani ya kikapu alikuwa na vijiti vya senetwet, kwa sababu alikuwa amembebea Kiptanui kibuyu chake hospitalini. Alikisugua kibuyu cha Cheptoo, akakikausha juani, akakisaga ndani mpaka kikanukia. Moshi ulitoka dirishani. Kabla hajamaliza, mwanamke jirani alisimama mlangoni.

"Hodi. Nasikia harufu ya nyumbani." Na chini ya kanga yake alikuwa ameficha kibuyu.

Nyuma yake alikuja mwingine. Halafu wengine wanne. Mmoja alikuwa na kibuyu kipya ambacho hakijatumiwa kamwe. Kibuyu kipya kina uchungu. Lazima kilowekwe maji na majivu siku nyingi, kisuguliwe, kilowekwe tena, mpaka uchungu uishe. Mtu asiyejua akitia maziwa mapema, atakunywa kitu kama dawa ya malaria. Mpaka saa kumi Chelagat alikuwa ametengeneza vibuyu sita, na hicho kipya alikichukua akakifanyie kazi nyumbani. Wanawake walimpa sukari, majani ya chai na kipande cha sabuni.

Kiptanui alikaa kwenye kiti, plasta yake juu ya ndoo, akatazama yote.

Kesho yake, ndani ya lori, Chelagat alisema ghafla, "Kogo alisema maziwa hayauzwi. Hakusema kuosha."

"Nini?"

"Maziwa ni yao. Kibuyu ni chao. Mimi nauza mkono wangu tu."

Kiptanui alisogeza mguu wake wa plasta. "Mke wangu awe boi wa vibuyu vya watu?"

"Na wewe si ni boi wa trekta ya mtu?"

Dereva wa lori alicheka sana, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Kogo alichukua siku mbili kutoa hukumu. Mwishowe alisema, "Kumsaidia mwanamke mwenzako kutengeneza kibuyu si mwiko. Hata mimi nilipoolewa nilisaidiwa. Akikupa asante, pokea." Halafu akaongeza, "Lakini saga vizuri huko chini."

Alhamisi, Mwalimu Nekoye alifurahi mpaka akafunga kitabu.

"Umeona, Mama Sally? Mimi nilikwambia uza ulichonacho, nikakosea ni kipi. Wewe umekiona mwenyewe. Sasa nisikilize. Usifanye bure."

"Lakini ni watu wa kwetu."

"Hata daktari ana watu wa kwao. Wakikupa sukari leo na sabuni kesho, mtoto wako atalipa karo kwa sabuni? Sema bei yako mapema, kabla hujashika kibuyu. Kidogo sumuni, kikubwa shilingi. Ukisema baadaye, mtagombana."

"Nikae wapi? Kwa Cheptoo?"

"Nyumba za jeshi si soko. Watakufukuza. Kaa soko la Nakuru kila Jumamosi. Wanawake wa Lanet huja kununua mboga, wa reli pia. Lori la shamba linakwenda siku hiyo. Tutakwenda pamoja kwa karani wa soko uombe leseni. Umwambie ukweli: unasafisha vyombo."

"Na wakisahau kibuyu ni cha nani? Vitakuwa vingi."

Jibu Chelagat alilipata mwenyewe: kila kibuyu atakifunga uzi wa rangi, na mwenye kibuyu atapewa kipande cha uzi ule ule. Nyuzi za sweta hatimaye zilipata kazi.

"Jambo moja zaidi," Mwalimu alisema. "Kila mtu anayechukua kibuyu, mwambie achemshe maziwa kwanza, yapoe, ndipo atie. Mtoto akiugua tumbo, watasema ni kibuyu chako."

Leseni ilipatikana. Kiptanui, ambaye hakutaka mke wake awe boi, sasa alikaa nje ya nyumba na panga, akikata vijiti vya senetwet vya urefu mmoja na kuvifunga mafungu mafungu. Aligombana na mtu yeyote aliyevigusa.

Ilibaki kibao cha kuonyesha mahali. Kiptanui alikunjua debe la mafuta, akalipiga nyundo mpaka likanyooka. Maneno yaliandikwa na fundi mmoja wa rangi, mtu wa kupita njia, ambaye baadaye hakuonekana tena katika eneo la Njoro. Chelagat alikuwa bado anasoma herufi moja moja kwa kidole. Alitambua jina lake juu kabisa, akaridhika. Kibao kilisema hivi:

MAMA CHELAGAT WA NJORO
BINGWA WA VIBUYU
ANAFUKIZA NA KUONDOA UCHUNGU WA KILA AINA

Kila neno lilikuwa kweli. Msomaji mwenye akili aangalie tena, aone kama watu wa mjini wangeelewa hivyo.

Jumamosi ya kwanza wanawake wa Lanet walikuja na vibuyu kumi na viwili. Jumamosi ya pili alikuja pia mzee mmoja aliyeshika shavu.

"Ni jino," alisema.

"Pole, baba," Chelagat alisema, akamwelekeza hospitali. Alishangaa kwa nini mzee alitazama kibao, akatikisa kichwa.

Halafu akaja kijana mrefu mwenye ovaroli ya reli. Jina lake lilikuwa Naftaly, na alikuwa golikipa wa timu ya mafundi. Aliinama, akasema kwa sauti ndogo.

"Mama, sisi tuna uchungu."

"Mpya au wa zamani?" Chelagat aliuliza, akifikiri juu ya vibuyu.

"Wa zamani. Miaka mitatu. Polisi wanatufunga kila mwaka."

Chelagat hakuelewa polisi wanaingiaje katika kibuyu, lakini mjini mambo ni mengi. "Umekuja na chombo?"

"Chombo? Ah! Chombo. Ngoja." Naftaly alikimbia. Alirudi na mpira wa miguu ndani ya gunia.

Chelagat aliugeuza mpira huku na huku. "Hii haina mdomo. Nitatia moto wapi?"

"Juu juu tu, mama. Fukiza juu juu."

"Ni shilingi."

"Hata mbili."

Chelagat aliwaza kwamba watu wa reli nao wana desturi zao, na si vizuri kucheka desturi ya mtu. Aliupitisha mpira kwenye moshi, akaufuta, akamrudishia. Jumapili ile timu ya mafundi iliwafunga polisi mabao mawili kwa moja.

Jumamosi ya tatu Chelagat alikuta watu wamepanga mstari. Kulikuwa na mtu wa mgongo na mtu wa kesi ya shamba. Kulikuwa na kijana aliyeachwa na mchumba. Mwanamume mmoja alikuwa akitetemeka, akisema mke wake ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, mama aje haraka.

"Mpeleke hospitali! Mbio!" Chelagat alimfokea, na yule mwanamume akaondoka mbio.

Nyuma kabisa, mbali na mstari, wanawake wa Lanet walinyanyua vibuyu vyao juu ya vichwa vya watu wakiita, "Mama Sally! Mama Sally!" lakini hawakuweza kupita. Wawili walichoka, wakaenda zao.

Ndipo alipofika askari wa soko. Pamoja naye alikuja karani wa soko, mwanamume mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ndiye mganga?" askari aliuliza.

"Mimi ndiye Chelagat."

"Leseni yako inasema kusafisha vyombo," karani alisema. "Kibao chako kinasema uganga. Uganga ni kosa. Chukua vitu vyako, na leseni nipe hapa."

Chelagat alishika leseni kwa mikono miwili. Leseni ikienda, Jumamosi zimekwisha. Jumamosi zikiisha, Kipketer anakuja na kamba.

"Bwana karani, kibao kinasema nini?"

"Hujui kibao chako kinasema nini?"

"Bado sijasoma yote. Najua jina langu."

Watu wa mstarini walicheka. Mwalimu Nekoye, aliyekuja sokoni kununua samaki, alijipenyeza mpaka mbele. Alisoma kibao, akafunga macho kidogo kama mtu aliyeumwa na nyuki. Kisha alikisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, ili Chelagat asikie.

Chelagat alisikia. Alimkumbuka mzee wa jino. Alimkumbuka Naftaly. Aliona aibu, kisha aliona hasira, na hasira ilimsaidia zaidi.

"Bwana karani," alisema, "mtu akisema mimi ni mwizi, si anionyeshe nilichoiba? Simama hapo. Tazama kazi yangu. Ukiona uganga, chukua leseni."

Hakungoja jibu. Alichukua kibuyu kipya na kingine kilicholowekwa. Alikwangua kipande kidogo ndani ya kile kipya, akampa karani.

"Tafuna."

Karani alitafuna, akakunja uso wote, akatema. "Chungu!"

"Huo ndio uchungu ninaoondoa. Sasa tafuna hiki." Alimpa kipande cha kile kilicholowekwa. Karani alitafuna kwa hofu. Uso ulikunjuka. Chelagat aliwasha kijiti cha senetwet, akakisaga ndani ya kibuyu cha tatu, akakung'uta, akampa askari anuse. Kisha alitia maji safi ndani yake, akanywa yeye mwenyewe mbele ya watu wote.

"Hii ni moto na mti," alisema. "Hakuna kitu kingine. Maziwa watatia kwao."

"Kibuyu changu kiko wapi?" mwanamke mmoja wa Lanet alipiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa ameinua uzi mwekundu. "Mume wangu anarudi kesho kutoka kazini! Hawa wenye mgongo watoke!"

"Na changu! Uzi wa kijani!"

Karani alitazama nyuzi. Alitazama vibuyu. Alifuta mdomo, maana ule uchungu ulikuwa bado haujaisha.

"Kazi haina kosa," alisema mwishowe. "Lakini kibao hiki hakitakaa katika soko langu hata dakika moja. Weka kingine sasa hivi, au ondoka."

Mwalimu Nekoye alitoa kalamu. "Nipe, nitaandika."

"Mwalimu, ngoja," Chelagat alisema.

Aligeuza debe upande wa nyuma. Alichukua kijiti cha makaa. Alipiga magoti, akaanza. Mstari mzima ulisogea kutazama, hata mtu wa mgongo. Herufi zilitoka kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kama askari. Y aliiandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imegeuka miguu juu. Jasho lilimtoka kama mtu anayelima. Alipomaliza, Naftaly, aliyekuwa amekuja na mpira wake tena, alisoma kwa sauti:

"KIBUYU CHAFU LETE. SAFI CHUKUA."

Alifikiri. "Na mpira, mama?"

"Mpira peleka uwanjani."

Mstari ulivunjika. Wanawake wa Lanet walikuja mbele. Jumapili ile polisi waliwafunga mafundi matano bila.

Kutoka siku hiyo Chelagat hakukosa Jumamosi hata moja. Mwezi wa kumi vibuyu vilizidi nguvu zake, akawaita akina mama wawili wa stoo ya ngano wamsaidie, kila mmoja kwa sehemu yake. Mmoja wao alijua kushona shanga kwenye vifuniko, kazi ambayo pia alikuwa akiiita kukaa tu.

Baada ya Krismasi Kipketer alikuja na kamba yake begani. Alikuta karo ya muhula wa kwanza imekwisha kulipwa misheni, na Kiptanui anatembea na fimbo moja. Samo alikuwa nyuma ya nyumba, anatafuna.

"Hata bei nzuri hamtaki kusikia?" Kipketer aliuliza.

"Kaa unywe mursik," Kogo alisema. "Hii haiuzwi."

Kipketer alikunywa bakuli mbili, akaondoka na kamba tupu.

Hadithi ilipaswa kuishia hapa. Niliinakili kwa mwandiko mzuri, nikaipeleka kwa Mwalimu Nekoye ili isomwe darasani na akina mama wanaojifunza. Alhamisi iliyopita waliisoma kwa zamu. Chelagat alipewa ukurasa wa kibao. Siku hizi anasoma bila kidole. Alisoma kuhusu fundi wa rangi, mtu wa kupita njia. Akasimama. Akarudi nyuma, akasoma mstari ule mara ya pili, kimya. Kisha alinitazama, maana nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tayari kwa lolote.

"Fundi huyu," alisema, "jina lake nani?"

Basi, nakiri. Hakukuwa na fundi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaandika mimi. Rangi ilikuwa ya mwenye shamba, nami niliichukua bila kuomba. Sally ni mimi. Zile sifa za upole na utiifu nilijipa mwenyewe, mzifute. Nilijua vizuri kwamba uchungu una maana mbili. Nilijua mama hawezi kusoma kibao. Nilirudi shule nikiwaza uso wa mtu wa kwanza atakayekuja na jino, nikacheka njia nzima. Sikuwaza karani. Sikuwaza leseni. Sikuwaza karo, ambayo ilikuwa yangu, wala Samo, ambaye angeondoka kwa ajili ya mzaha wangu.

Mama hakunipiga. Alinirudishia karatasi na kalamu mbele ya darasa zima.

"Andika jina lake," alisema. "Andika na hili: siku ile ya karani, wanawake wawili walirudi nyumbani na vibuyu vichafu."

Nimeandika.